Kengele Uliyookota Ni ya Lini? Anza na Mshono, Mwaka Usome Mwisho

Juzi nilikuwa kwa muuza skrepu mmoja nyuma ya soko la Gikomba, Nairobi, nachakura gunia la mabomba ya shaba, mkono ukagonga kitu kikalia. Kengele. Ukubwa wa kikombe cha chai, rangi ya njano iliyofifia, na mwilini ina herufi zilizoinuka: SAIGNELEGIER, CHIANTEL FONDEUR, na mwaka 1878. Mwenye duka alikuwa ameshayaona macho yangu.

"Boss, soma mwaka hapo. Hiyo ilikuja kabla ya reli. Leta elfu tano."

Tulibishana mpaka akanipimia kwa kilo kama shaba nyingine, na hata hapo sikuona kama nimemwibia. Kengele za maandishi hayo zimenakiliwa miaka na miaka. Saignelégier ni mji wa Uswisi, na ile 1878 imekaa ndani ya kalibu, lile umbo la kumiminia madini, kwa hiyo kila kengele inayotoka humo huzaliwa na umri huohuo, hata kama ilimiminwa mwaka jana. Binamu zake ni zile kengele za shaba zilizoandikwa TITANIC 1912, ambazo ni mapambo ya kuuzia watalii. Ukiona moja Nairobi, usianze kupiga hesabu ya shamba.

Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kinyume na watu wengi wanavyofanya. Wengi husoma maandishi kwanza. Mimi huanza na namna kengele ilivyotengenezwa, nikaja kwenye madini yake, nikajua ilikuwa kengele ya kazi gani, na maandishi nikayaacha nyuma kabisa. Maandishi mtu anaweza kuyanakili kwa dakika chache. Mshono, yaani pale vipande vilipoungana, ni vigumu kuughushi, na hakuna anayejisumbua.

Kwanza, 1895

Kabla hujawasha detekta, kile kifaa cha kunusa madini ardhini, ujue mwaka huu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachobebeka, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kutafuta vitu vya namna hiyo, kwa kuchimba au kwa kuokota juu ya ardhi, kunahitaji leseni. Ukikutana nacho kwa bahati, unatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, ukiwaonyesha mahali hasa ulipokipata. Kwa hiyo kujua umri wa kengele si mchezo wa kujifurahisha tu. Unajua pia kama ni yako.

Mwaka wenyewe haukuokotwa hewani: 1895 ndipo Uingereza ilipotangaza himaya yake Afrika Mashariki. Reli ilianza kutandazwa Mombasa 1896 na ikafika Nairobi 1899, wakati hapa palikuwa bwawa na nyasi. Kwa hiyo kengele nyingi za kiwandani zinazofukuliwa Nairobi ni za upande wa huku wa mstari wa 1895. Zinazoweza kuvuka kwenda upande wa pili ni zile za wahunzi wetu wenyewe.

Mbuga ya wanyama, msitu wa Karura na bustani za umma, hapo usipeleke detekta. Na kengele yenye jina la kanisa au shule, inayouzwa na kijana mwenye haraka, iache hapo hapo. Hiyo haijapotea, imeibwa. Muuza skrepu naye anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, basi nunua kwa aliye nayo na uombe risiti.

Usisugue

Mwaka wangu wa kwanza katika uraibu huu nilipata kengele ya mkono, nzito, nyeusi kwa kutu ya shaba. Nikaishika na brashi ya waya iliyofungwa kwenye drili. Dakika tatu baadaye inang'aa kama sufuria ya harusi. Kumbe ukingoni palikuwa na herufi zilizogongwa kwa nyundo, za kina kifupi sana. Kilichobaki ni mguu wa R na nukta moja. R ya nini? Mpaka leo sijui.

Tangu siku hiyo situmii ndimu, siki, majivu wala dawa ya kung'arisha. Kengele ya shaba naipitisha kwenye maji safi, natoa udongo kwa kijiti cha meno na mswaki laini, naikausha kivulini. Ya chuma hata maji siipi. Naiacha ikauke, halafu nabandua udongo kwa kijiti. Ukiona shaba imetoa unga wa kijani kibichi, mwepesi, unaorudi kila ukiufuta, kengele inaliwa na unyevu. Iweke pakavu mbali na nyingine.

Kusoma herufi zilizofifia kuna njia mbili zisizo na madhara. Ya kwanza, zima taa, weka tochi ya simu ubavuni karibu kabisa na kengele ili mwanga uteleze juu yake. Kila kovu litatoa kivuli. Ya pili ni poda ya mtoto. Nyunyiza kidogo, pangusa kwa kiganja, poda itabaki ndani ya michoro na herufi zitasimama nyeupe. Piga picha, kisha puliza poda itoke.

Ilizaliwaje?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Igeuze kengele, tazama ndani. Kengele ya kusubu, yaani madini yaliyoyeyushwa yakamiminwa kalibuni, ina ngozi yenye chembechembe za mchanga, hasa ndani ambako hakuna aliyejali kulainisha. Unene wake haulingani: mdomoni ni mnene, kwapani kuelekea begani ni mwembamba. Ukiona ndani au nje kuna mistari myembamba ya duara inayozunguka sambamba, hizo ni alama za kukereza. Mtu aliifunga kwenye mashine ikazunguka huku kisu kikiipunguza. Hiyo ni karakana yenye vifaa. Ukiona badala yake mikwaruzo ya tupa inayokwenda huku na huku, na mstari wa mwinuko pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, ni kazi ya haraka, na mara nyingi ni kazi ya mapambo.

Kengele ya bati lililokunjwa ni hadithi nyingine. Hii ndiyo kengele ya ng'ombe unayoijua: umbo la mfuko, mabega mawili, mbavu zimeunganishwa. Zimeunganishwa kwa kitu gani? Kama ni ribiti, tazama vichwa vyake. Vikiwa havilingani hata viwili, vilifuliwa kwa mkono. Kama ni mstari wa kuchomelea kwa umeme, ule wenye mawimbi na matone kama mchirizi wa mshumaa, mimi siipeleki nyuma ya Vita Vikuu vya Pili bila ushahidi mwingine. Ukisimama Kamukunji kwa mafundi wa jua kali asubuhi utaziona zikizaliwa mbele yako kwa mtindo huohuo.

Kipimo kimoja kimeniokoa mara nyingi: chukua kalipa, pima unene wa bati sehemu tano tofauti. Ukipata milimita ileile kila mahali, hilo ni bati la kiwandani, pengine lililokatwa kutoka pipa la mafuta. Angalia ndani kama kuna rangi ya pipa iliyobaki. Ukipata unene unaopanda na kushuka, hapa 3, pale 2, kona ile karibu 4, basi nyundo ilipita. Wahunzi wa Wakikuyu, wale aturi, na Ilkunono wa Wamaasai walifua chuma vizazi vingi kabla ya reli. Lakini usikimbilie kusema "ya karne ya 19". Umbo la kengele ya ng'ombe halikubadilika, na mhunzi wa 1960 alikuwa na nyundo sawa na ya babu yake. Kufuliwa kwa mkono kunakuambia nani aliitengeneza. Lini, hakukuambii.

Aina ya mwisho ni ya kufinywa kwa mashine: bati jembamba, laini, lenye unene mmoja, umbo la bakuli kamili. Hiyo ni ya kiwanda na haina siri nyingi.

Sumaku, mkwaruzo, sauti

Hii ni haraka. Sumaku ikinata, ni chuma au chuma cha pua cha aina fulani, au ni chuma kilichopakwa shaba juu, jambo la kawaida kwa kengele za ng'ombe. Isiponata, kwaruza kidogo sana mahali pasipoonekana, ndani ya bega. Njano ya limau ni brasi, yaani shaba na zinki. Njano yenye wekundu au ujivu ni bronzi, shaba na bati halisi (tin). Kengele kubwa za sauti nzuri husubiwa kwa takriban asilimia 78 shaba na 22 bati. Nyeupe nyepesi ni alumini.

Halafu ining'inize kwa uzi, uigonge kwa kijiti cha mbao. Bronzi huimba muda mrefu. Brasi hukata mapema. Chuma cha kukunja husema ko, ko. Bronzi ikilia kama sahani iliyopasuka, ina ufa, hata kama huuoni. Ulimi wake usiuguse bado.

Ilikuwa kengele ya nini?

Kitu kinachowasumbua wengi ni kile kibakuli cha chuma au brasi chenye tundu katikati na hakina ulimi. Watu hunitumia picha wakidhani ni chombo cha ibada. Ni kikombe cha kengele ya umeme, ya simu ya mezani, ya saa ya kuamsha au ya baiskeli. Kikiwa kimebaki na kipande cha simu chenye EAP&T, hiyo ni Posta na Simu ya Afrika Mashariki, iliyokwisha pamoja na Jumuiya 1977.

Kifuniko cha kengele ya baiskeli kina chapa juu. Lucas wa Birmingham walitengeneza nyingi sana, na baiskeli za zamani, zile black mamba, zilikuja na za Kiingereza kabla Wahindi na Wachina hawajashika soko. Tazama mng'ao. Mpako wa nikeli una joto la umanjano kidogo. Kromu ni nyeupe yenye ubuluu kama kioo. Kromu iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1920, kwa hiyo kifuniko cha nikeli kinaweza kuwa cha kabla ya hapo, na cha kromu hakiwezi.

Njuga, zile za mviringo zenye ufa na kokoto ndani, zina familia mbili. Za kwetu ni za chuma kilichokunjwa kama ganda la kunde, vipande vya chuma vikicheza ndani: Wakikuyu wanaziita cigamba, Wajaluo gara, na mpiga nyatiti hufunga gara mguuni mpaka leo. Za kigeni ni tufe la brasi lililosubiwa, lenye mshipi kiunoni, zilizofungwa kwenye hatamu za farasi na mikokoteni. Nairobi ya mwanzo ilikuwa mji wa nyumbu, ng'ombe wa kukokota na farasi wa mashindano. Race Course Road bado ina jina lile ingawa farasi walihamia Ngong 1954. Tufe la kusubu lina kokoto ambayo haikuingizwa kupitia ufa. Iliwekwa ndani ya kiini cha mchanga, shaba ikamiminwa kuizunguka. Jaribu kuitoa, hutaweza. Ikiwa na herufi RW chini na michoro kama petali, ni ya akina Robert Wells wa Aldbourne, Uingereza, karne ya 18 hadi mwanzo wa 19. Sasa rudi usome tena ile sehemu ya 1895. Ikiwa ni nusu mbili za bati jembamba zilizobanwa pamoja, ni ya paka wa jirani.

Kengele ya mkono yenye sanamu ya Nandi (fahali wa Shiva), Garuda au Hanuman juu ya mpini ni ya pooja, ibada ya Kihindu. Ngara, Pangani na Parklands zinatoka nyingi, kwa kuwa jamii za Kihindi zimeishi huko tangu enzi ya reli. Kuzipa umri ni vigumu, maana bado zinasubiwa vilevile India. Mimi hutazama mpini: pale vidole vinaposhika, sura ya Nandi huliwa mpaka ikawa kama sabuni iliyotumika. Hiyo haighushiwi kwa wiki moja.

Kengele kubwa za kanisa huenda usizione isipokuwa mnarani, lakini ujue majina. Mears & Stainbank ni karakana ya Whitechapel, London, kati ya 1865 na 1968. Taylor wa Loughborough wako huko tangu 1839. Kengele nzito ya rangi ya kutu, inayonata sumaku, yenye jina Naylor Vickers, Sheffield, ni ya feleji ya kusubu, miaka ya 1850 hadi 1870. Pwani kuna mtaa mzima uliopewa jina na kengele: Kengeleni, Mombasa, kwa sababu ya ile ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru.

Na kuna kengele isiyo kengele. Shule nyingi zimelia miaka yote kwa rimu ya gari au kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni. Kipande cha reli kina utamu wake: ubavuni, kwenye kile kiuno chembamba, kiwanda hubonyeza jina lake na mwaka chuma kikiwa bado moto. Huo mwaka ni wa kweli. Ila ni mwaka wa reli kutoka kiwandani. Iligeuka kengele baadaye, baada ya treni kuichosha. Usiinunue. Reli ni mali ya shirika, na ukikamatwa nayo hutaeleweka.

Sasa soma maandishi

Herufi za reli ndizo kalenda bora Nairobi. UR ni Uganda Railway, kabla ya 1926. KUR, Kenya and Uganda Railway, ilifuata, kisha bandari zikaongezwa ikawa KUR&H. EAR&H ni 1948 hadi 1969. EAR, East African Railways, peke yake, H ya Harbours ikiwa imeondoka, ni 1969 hadi 1977. KR, Kenya Railways, ni baada ya hapo. Kumbuka tu kwamba herufi hugongwa kitu kinapoingia stoo, na kitu kinaweza kuishi stoo miaka arobaini.

Mshale wa vidole vitatu, kama unyayo wa kuku, ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, mara nyingi ya jeshi. Taji huja na herufi za mfalme au malkia wa Uingereza: lenye VR linaishia 1901, ER yenye VII katikati ni 1901 hadi 1910, GR ni 1910 hadi 1952, na EIIR ni 1952 hadi 2022.

Nambari nazo zinasema. Kitu cha Uingereza chenye "Rd No" kina nambari ya umbo lililosajiliwa. Hesabu ilianza na 1 mwaka 1884 na ikawa imepita 350,000 ifikapo 1900. Nambari za hataza (patent) za Uingereza zilianza upya kila mwaka hadi 1915, kisha 1916 zikaendelea mfululizo kuanzia 100,001. Kengele ya baiskeli yenye hataza 200,000 na kitu haiwezi kuwa ya kabla ya vita vya kwanza, hata muuzaji aape.

Bati dogo la muuzaji likiwa limebaki, tafuta mtaa. Government Road ndiyo Moi Avenue, Delamere Avenue ndiyo Kenyatta Avenue, Hardinge Street ndiyo Kimathi, Victoria Street ndiyo Tom Mboya. Jina la zamani ni muhuri wa ukoloni, au wa miaka iliyofuata kabla mtaa haujabadilishwa jina. "Czechoslovakia" ni 1918 hadi 1992, "West Germany" 1949 hadi 1990.

Mfano mmoja, mkononi

Nyumba ya mawe ilipobomolewa Ngara, fundi mmoja aliniwekea kengele ya mkono. "Mzee, hii nimekutunzia, najua unapenda vitu vya kutu."

Mdomo sentimita 13. Sumaku haikunata mwilini, ikanata kwenye ulimi. Ndani, mistari ya kukereza. Sauti ndefu. Poda ikatoa EAR&H begani, H ikiwa imeinama kidogo. Ndani ya mdomo, pale ulimi unapogonga, palikuwa na mabonde mawili yaliyokabiliana, yamelainika, dalili ya miaka mingi ya mkono mmoja unaopiga kwa mtindo mmoja. Lakini ulimi wenyewe haukufika kwenye mabonde hayo; uligonga sentimita moja juu yake. Nikauchunguza: ni bolti iliyokatwa. Nikampelekea fundi wa baiskeli, akaifunga nati ya milimita 10 ikaingia bila kubishana, kipimo cha metriki. Kengele ya Kiingereza ya miaka ile ingekuwa na meno ya inchi. Na mpini ulishikwa na skrubu ya kichwa cha msalaba, aina ambayo Phillips aliisajili Marekani miaka ya 1930, safi, isiyo na kutu, mpya kuliko kila kitu kingine pale.

Karibu na mahali pale fundi alikuwa ameokota senti kumi yenye tundu, imeandikwa East Africa. Sarafu za jina hilo zilitolewa kuanzia miaka ya 1920 mpaka 1964. Inaafikiana na kengele, ila sarafu ndani ya kifusi haina uhakika wa sarafu iliyozikwa pamoja na kitu. Kifusi kimezungushwa na koleo.

Kadi yake inasema hivi: "Kengele ya mkono, bronzi ya kusubu, sm 13, EAR&H, 1948–1969. Ulimi na skrubu vimebadilishwa baadaye. Ngara, kifusi cha nyumba ya mawe." Nikishaweka picha za ndani na nje, huwa naenda nayo Makumbusho ya Reli, pale karibu na stesheni, nikailinganishe na zao.

Ile ya Saignelégier nimeifunga mlango wa jikoni. Haina kadi.